Nishani za Taifa: Je, Wenye Majina Wanapendelewa Kuliko Askari na Watumishi wa Kawaida? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wazee wa mtaani kwetu Kirumba, hapa Mwanza, kupanga karatasi zao: barua za ajira, hati za kustaafu, vyeti vya utumishi. Wengi walikuwa askari, wauguzi, walimu na mafundi wa meli. Kila ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, au Desemba 9, maswali ya nishani huanza upya, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mbona wanaopewa heshima ni wale wale tunaowaona kwenye runinga? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Nishani, tuzo, zawadi: si kitu kimoja?

Hapana, na kuyachanganya haya ndiko kunakozaa nusu ya manung'uniko. Nishani ni heshima ya dola. Anayetunuku ni Rais, au mtu aliyeagizwa naye. Ndiyo maana husikia kwamba Mkuu wa Majeshi amewavisha maofisa na askari nishani "kwa niaba ya Rais". Nishani ina daraja lake, ina utepe wenye rangi zake, na ina mahali pake kifuani. Tuzo inaweza kutolewa na yeyote, hata kampuni ya soda. Zawadi ni fedha, kiwanja, gari.

Chukua "Goli la Mama". Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo Simba na Yanga wangefunga kwenye mashindano ya Afrika. Vijiwe vya hapa vilikuwa vinahesabu magoli na mamilioni kwa pamoja. Ile ilikuwa zawadi ya kuwatia moyo wachezaji, hakuna aliyevishwa nishani. Lakini namwelewa mama aliyekesha wodini miaka 30 akiona ni jambo moja. Yeye haangalii jina la kitu kilichotolewa, anaangalia ni nani ameonwa.

Tanzania ina nishani gani?

Zipo za kitaifa zenye madaraja, kama Nishani ya Mwenge wa Uhuru na Nishani ya Muungano. Zipo za majeshi na vyombo vya usalama: Nishani ya Vita vya Kagera, Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, Nishani ya Utumishi Uliotukuka. Na ukitaja Mwenge wa Uhuru kumbuka kwamba aliyeupandisha Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 alikuwa ofisa kijana wa jeshi, Alexander Nyirenda.

Basi tuambie wazi: wenye majina wanapendelewa au hawapendelewi?

Wanapendelewa, ila si pale watu wanapodhani.

Ukihesabu vifua vilivyovishwa, askari hawana cha kulalamikia, kwa sababu jeshi lina utaratibu. Kamanda anamjua askari wake, faili lipo, miaka inahesabika, na mapendekezo yanapanda ngazi moja baada ya nyingine. Askari aliyetumikia muda mrefu bila doa ana njia iliyonyooka kuelekea nishani yake.

Upendeleo upo mahali patatu. Kwanza, kwenye kumbukumbu. Kazi ya msanii au mchezaji inajiandika yenyewe: akifunga goli kamera zipo, akiimba sauti inabaki. Muuguzi akimzalisha mama kwa mwanga wa tochi kisiwani Ukara, kinachobaki ni mstari mmoja kwenye rejista ya zahanati: uzito wa mtoto, tarehe, na sahihi ambayo hata yeye mwenyewe baada ya miaka kumi hataisoma. Siku wakubwa wakitafuta wa kumheshimu, jina la msanii liko mdomoni. La muuguzi mpaka mtu akalifukue.

Pili, kwenye daraja. Mdogo hupata cheti, mkubwa hupata nishani.

Tatu, kwenye kiti. Hili huwa halitajwi, lakini ndilo linalouma zaidi, nami nimeliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza baba yangu mdogo, askari mstaafu, kwenye hafla moja ya kuwakumbuka mashujaa. Alikuwa amevaa koti lake la kaki na medali yake. Tukaketi mstari wa pili. Kijana mmoja wa itifaki akaja, kwa adabu kabisa, akasema, "Shikamoo mzee, naomba msogee nyuma, hapa pana wenyewe." Tukasogea. Wenyewe walipofika walikuwa wasanii wawili waliokuja kutumbuiza. Wale vijana hawakukosea kitu, waliketi walipoelekezwa. Baba mdogo hakusema neno mpaka tumefika kwenye daladala, ndipo akaniuliza, "Hivi leo ilikuwa siku ya nani?"

Lakini askari si wana nishani zao wenyewe? Wanataka nini zaidi?

Baba mdogo anayo ya Kagera. Ameiweka kwenye kopo la kahawa, imefungwa ndani ya kipande cha khanga. Utepe wake ulishakatika zamani, akaushona kwa uzi wa nyavu, ule wa kijani tunaoutumia hapa ziwani. Ukiigeuza utaona upande mmoja umesuguliwa ukawa laini, kwa sababu huishika kwa kidole gumba anapozungumza.

Kwa vijana wasioijua vita ile: majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978 na kulibomoa daraja la Kyaka. Jeshi letu liliwatoa, likavuka mpaka, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mwanza haikuwa mbali na moto huo. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga matangi yetu ya mafuta ikayakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Wazee wa Capri Point bado wanausimulia mshindo ule. Kule Kaboya, wilayani Muleba, yapo makaburi ya wapiganaji wetu, mamia ya makaburi.

Sasa, walioenda vitani hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Walikwenda mgambo, polisi, magereza, madereva, matabibu. Nimekaa na wazee wanne wa mtaa huu waliovuka mto Kagera, na wawili tu ndio wenye medali. Mmoja wa wasio nayo alikuwa mgambo. Alirudi, akakabidhi sare, akaendelea na shamba lake la pamba. Hakuna aliyemnyima. Hakuwa na faili lililomfuata nyumbani, basi.

Wala si mambo ya zamani peke yake. Desemba 7, 2017, wanajeshi wetu 14 waliuawa kwenye kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Siku zile nchi nzima ililia. Leo ukisimama stendi ya Nyegezi ukaomba mtu akutajie jina moja tu kati ya yale 14, utasimama muda mrefu. Mwombe akutajie kikosi cha kwanza cha timu yake. Simlaumu. Jina hukaa kichwani kwa kutajwa, na kutaja ni kazi ya nchi.

Kwetu Usukumani hilo lilijulikana kabla hatujawa na nishani za chuma. Manju alipoingia uwanjani na ngoma yake aliwataja watu: fulani mwenye ng'ombe, lakini pia fulani aliyelima bila kuchoka, fulani aliyemfukuza simba zizini. Mkulima wa kawaida alisikia jina lake kijiji kizima kikiwa kimenyamaza.

Je, hili ni tatizo letu peke yetu?

Hapana. Mwaka 1965 Waingereza waliwapa wanamuziki wa bendi ya The Beatles nishani ya MBE, na baadhi ya watu waliokuwa nayo tayari, wakiwemo wa jeshini, walirudisha zao kwa hasira. John Lennon, mmoja wa wanamuziki hao, naye aliirudisha yake mwaka 1969, kwa sababu zake mwenyewe. Kwa hiyo mjadala huu tunaoupiga kwenye kahawa una zaidi ya miaka 60.

Wenzetu hao wana jambo la kutufundisha, zuri na baya. Hutoa orodha mbili kwa mwaka, Mwaka Mpya na Juni, kila moja ikiwa na majina zaidi ya elfu moja. Sehemu kubwa ni watu usiowajua: mpishi wa shule, mwanamke aliyeendesha kituo cha vijana, mtu wa boti ya uokoaji. Mwananchi yeyote anaweza kujaza fomu kumpendekeza mwingine. Hilo ni zuri. Lakini tazama daraja. Mwanamichezo maarufu huitwa "Sir" na kwenda ikulu. David Beckham alipewa hadhi hiyo mwaka 2025. Mpishi wa shule mara nyingi hupata medali ya ngazi ya chini kabisa, BEM, ambayo hukabidhiwa na mwakilishi wa Mfalme katika eneo lake. Medali hiyo ilisitishwa mwaka 1993 kwa sababu ilionekana inawatenga watu wa chini, kisha ikarudishwa mwaka 2012. Kesho yake magazeti huweka picha ya nani? Unajua.

Jirani zetu Uganda wana kitu ninachokipenda: Nishani ya Nalubaale, ya raia waliochangia mapambano ya kisiasa ya nchi yao. Nalubaale ni jina la Kiganda la ziwa hili hili letu. Sisi tunaoishi kwenye ufuko wake wa kusini hatuna nishani hata moja yenye jina la ziwa.

Mwanamichezo au msanii hastahili kabisa?

Anastahili. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili Oktoba 2019, Kenya ilimpa EGH, moja ya nishani zake za juu, siku chache baadaye, na sidhani kuna Mkenya wa kweli aliyeumia. Kisha angalia wa kwetu: Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo, Septemba 2025. Simbu ni askari wa JWTZ. Ukuta kati ya "maarufu" na "askari" si mrefu kama tunavyoujenga kwenye mabishano.

Na wale wavuvi waliookoa watu Bukoba?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na lazima nilijibu kwa urefu kwa sababu linatugusa sisi wa ziwani moja kwa moja.

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, walipona 24. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, wengine ndio kwanza wametoka kwenye kazi ya usiku. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa kusimulia alivyotumia kasia kwenye mlango wa ndege. Alikabidhiwa shilingi milioni 1, na kwenye uwanja wa Kaitaba Waziri Mkuu akatangaza agizo la Rais kwamba achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apewe kazi na mafunzo.

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa moyo wote: kijana wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, kuitwa mbele ya taifa na kupewa kazi ni jambo kubwa. Watu walipoanza kubishana nani alifungua mlango, niliona aibu kwa ajili yetu sote. Lakini ubishi ule ulionyesha kasoro yenyewe. Tulitafuta shujaa mmoja, mwenye jina moja na picha moja, kama tunavyomtafuta nyota wa muziki. Mtumbwi hauendi na mtu mmoja. Yupo anayepiga kasia, yupo anayekinga maji yasiingie, yupo anayemvuta mtu kwa kola ya shati huku mwenzake ameegemea upande wa pili ili chombo kisipinduke. Mvuvi mmoja wa Mwaloni Kirumba aliniambia, "Dada, anayeegemea upande wa pili hapigwi picha, maana amewapa mgongo." Tangu siku ile sijaweza kuangalia picha ya uokoaji bila kuitafuta ile migongo.

Na wala haikuwa mara ya kwanza. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, ikaondoka na watu zaidi ya 800, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, wakafa zaidi ya 220, wenye mitumbwi walikuwa majini wakivuta watu. Kila Mei 21 tunakwenda Igoma kuwakumbuka marehemu, na ni haki yao. Waliovuta watu siku zile hawana siku. Wengine bado wanavua dagaa, wengine tumeshawazika.

Unapendekeza wapewe nishani wote? Utawapataje?

Napendekeza jambo ambalo limeshafanyika kwingine: nishani kwa kundi zima. Uingereza ina George Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa usio wa kupambana na adui uso kwa uso. Mwaka 1942 walikipa kisiwa kizima cha Malta kwa kustahimili mabomu. Mwaka 2021 wakawapa watumishi wote wa huduma yao ya afya baada ya janga la korona. Hakuna aliyehangaika kutafuta ni muuguzi gani alikesha zaidi.

Mwalo mmoja ukitunukiwa nishani, ikatundikwa kwenye ofisi yao pale samaki wanapopimwa, kila mtoto anayekuja na ndoo kununua dagaa ataiona. Haya ni maoni yangu, na nitayasema popote nikipewa nafasi.

Watumishi wa umma si wana Mei Mosi?

Wanayo. Kila taasisi huchagua mfanyakazi hodari, naye hupewa cheti na mara nyingi fedha kidogo. Mwaka 2021 sherehe za kitaifa zilifanyika hapa hapa, uwanja wa CCM Kirumba, Rais Samia akiwa na wiki chache tu madarakani. Nilikuwepo. Mabango yalikuwa ya mishahara, na hoja hiyo ilijibiwa mwaka uliofuata kwa kima cha chini kupandishwa kwa asilimia 23.3.

Kasoro ya Mei Mosi naijua kutoka ndani, kwa sababu nilifanya kazi ofisi ya umma kabla ya kuacha. Mahali nilipokuwa, uhodari ulienda kwa zamu. Mwaka huu idara ya fedha, mwakani utumishi. Dereva aliyeendesha gari la wagonjwa miaka 19 bila ajali alipata zamu yake mwaka mmoja baada ya karani aliyekuwa na miezi minane kazini. Cheti chake kilikuwa na jina lililokosewa herufi. Alikitundika hivyo hivyo.

Wazee wanataka pensheni na matibabu. Kwa nini muhangaike na vipande vya chuma?

Kwa sababu wazee wenyewe hawavitenganishi. Ninapokaa na mtu kuandaa karatasi za mafao, mazungumzo huishia kwenye kazi aliyoifanya na aliyeiona. Tena kuna faida ya wazi kabisa: kumbukumbu inayompatia mtu nishani ndiyo hiyo hiyo inayompatia haki zake. Mgambo wetu asiye na faili anakosa vyote viwili kwa sababu moja.

Jirani yangu anastahili. Nianzie wapi?

Anza na daftari, si na barua ya kusifu. "Ni mtu mwema sana, anajituma" haimsaidii. Andika jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kituo cha kazi, mwaka alioanza na aliomaliza. Kisha tukio moja au mawili, yenye tarehe, mahali, na watu wawili au watatu walioona na ambao bado wapo. Kama alikuwa jeshini, namba yake ya jeshi na kikosi. Piga picha ya kila cheti.

Aliye kazini, peleka kwa mkuu wa taasisi yake, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Aliyestaafu au raia wa kawaida, pitia serikali ya mtaa, mtendaji wa kata, mpaka ofisi ya mkuu wa wilaya. Usipeleke kwa mdomo. Na usingoje afe. Nimeandika barua tatu za aina hii zilizochelewa kwa namna hiyo.

Baba amefariki na medali yake hatuioni. Tufanye nini?

Tafuteni kwenye makopo, kwenye masanduku ya nguo za mama, chini ya Biblia au msahafu. Wazee wa kizazi kile hawakutundika ukutani. Mkikosa, tafuteni picha yoyote aliyoivaa, na karatasi yoyote yenye namba yake ya jeshi, kisha muulizie kwenye kambi iliyo karibu mkiwa na cheti cha kifo na barua ya mtaa.

Mkiipata, msiisugue kwa majivu ing'ae. Utepe ukiwa umekatika, acheni ulivyo. Wa baba mdogo nilijitolea kumnunulia mpya, akakataa. Alisema uzi ule wa nyavu alipewa na mwenzake waliyevuka naye Kagera, yule wa mgambo, yule ambaye hakupata.